Kulala nje usiku mmoja nyanda za juu kwa vifaa vichache: mwongozo kamili

Wengi wanaojaribu kulala nje bila hema wakati wa kipupwe hushindwa saa ileile, kati ya saa nane na saa kumi usiku, na kwa sababu ileile: walitandika kidogo chini wakajifunika sana juu. Moto wanao, blanketi wanalo, lakini ubavu unaogusa ardhi umeganda. Wakirudi husema blanketi lilikuwa jepesi. Kilichopungua ni kitanda.

Mwongozo huu ni wa mwinuko wa mita 1400 hadi 2400: Lushoto, Uluguru, Mufindi, Njombe, na kwa Kenya, Limuru na miteremko ya chini ya Nyandarua. Pwani na mbugani mambo ni mengine kabisa, maana huko shida kubwa ni mbu na wanyama, si baridi. Usiuchukue mwongozo huu ukaenda nao Mikumi.

Kadiria baridi kabla ya kufunga mzigo. Joto hushuka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1000 unazopanda. Dar es Salaam ikiwa na nyuzi 20 usiku wa Julai, tarajia takriban nyuzi 8 kwenye mita 2000, na chini ya hapo kama anga halina wingu. Uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mita 2600 hivi, hupata jalidi miezi ya Juni hadi Agosti. Usiku wako wa kwanza usiwe huko.

## Vifaa

Vyote vinaingia kwenye begi moja la mgongoni, na vingi vinapatikana sokoni siku yoyote.

- Turubai jepesi, mita 2 kwa 3.
- Karatasi ya nailoni nzito ya ujenzi, mita 2 kwa 1, ya kutandika chini kabisa.
- Viroba vitatu vitupu vya kilo 100, vikavu na visivyotoboka. Visiwe vilivyobeba mbolea au dawa ya shambani.
- Blanketi moja la sufu au la flisi.
- Kamba ya manila ya milimita 4, mita 15.
- Kisu imara, na panga kama sehemu hiyo inaruhusu kukata kuni.
- Kiberiti cha gesi, na kiberiti cha njiti ndani ya kichupa cha dawa chenye kifuniko. Viwili hivi vikae mifuko tofauti.
- Vipande vitano vya tyubu ya baiskeli, kila kimoja urefu wa kidole.
- Sufuria ndogo au kikombe cha bati cha lita 1.
- Chupa ya chuma ya maji, isiyo na kuta mbili, pamoja na maji lita 3 kwa jumla.
- Tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba.
- Filimbi.
- Simu iliyojaa chaji, izimwe mpaka itakapohitajika.
- Karanga za kukaanga gramu 200, kashata au tende, na sukari vijiko sita.
- Bandeji ndefu ya kuvutika, plasta, na pakiti mbili za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini).
- Nguo za kulalia zilizofungwa pasipoingia maji: sweta la sufu au flisi, suruali isiyo ya jinzi, soksi nene jozi mbili, mzura wa kufunika masikio.

Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Pamba ikilowa haihifadhi joto tena, na maji husafirisha joto kutoka mwilini karibu mara 25 kuliko hewa. Sufu na flisi hubakiza joto kiasi hata zikiwa na unyevu, na flisi ya mtumba haina bei kubwa.

## Kabla ya kuondoka

Ruhusa. Ardhi ya kijiji ina mwenyekiti na mtendaji: nenda uwasalimu, sema unalala wapi na unaondoka lini. Hii si adabu tu. Moto unaoonekana usiku kwenye msitu usio na mtu huleta watu wenye mapanga na haki ya kuuliza. Misitu ya hifadhi Tanzania iko chini ya wakala wa misitu, TFS, na Kenya chini ya shirika la misitu, KFS, na zote mbili hutoa vibali. Hifadhi za taifa hazikuruhusu kulala popote upendapo; huko ni kambi zilizotengwa tu.

Mtu wa kukungoja. Mwachie mtu mmoja jina la mahali, njia utakayopita, na saa ya mwisho. Mwambie hivi: "Nisipopiga simu kufikia saa nne asubuhi, mpigie mwenyekiti wa kijiji." Namba 112 ni ya dharura Tanzania na Kenya, lakini mabonde mengi hayana mtandao. Ukiwa njiani, tafuta kilima ambacho simu inashika, ukikumbuke.

Jaribio. Usiku wa kwanza ulale ukiwa wawili, mahali ambapo nyumba haizidi dakika 15 kwa miguu: shamba la ndugu, au nyuma ya nyumba ya shangazi kule Soni. Kuacha katikati ya usiku si aibu ikiwa mlango uko karibu. Kuacha ukiwa mwendo wa saa nne ndani ya msitu ni hatari.

## Hatua ya 1: Fika saa nane mchana, chagua mahali

Jua letu huzama upesi. Likishatua mnamo saa kumi na mbili na nusu, giza hukamilika ndani ya nusu saa. Kazi zilizoelezwa hapa huchukua saa tatu hadi nne kwa mgeni wa kazi hii. Anayefika saa kumi na moja atalala kwenye nusu ya kitanda.

Kaa katikati ya mteremko. Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka na kutuama bondeni, hivyo kupanda mita 20 au 30 juu ya kijito kunakuondolea baridi na umande. Kileleni nako upepo hautakuacha. Tafuta palipo karibu bapa, penye vichaka upande upepo unakotoka.

Kisha tazama juu. Matawi makavu yaliyoning'inia huanguka bila upepo, na mikaratusi ni maarufu kwa tabia hiyo. Chukua magome yake kwa kuwashia moto, lakini usilale chini yake.

Tazama na chini. Kinyesi cha nyati au tembo, au njia pana iliyokanyagwa, ni sababu ya kuondoka kabisa hapo. Mstari wa siafu unakutaka usogee angalau mita 50, na uangalie tena giza likiingia, hasa kama mvua imenyesha. Mkondo mkavu wa maji usikudanganye kwa mchanga wake laini: mvua ya mlimani usiyoisikia inaweza kuujaza.

Watu wengi wakiona kibanda cha udongo kilichoachwa hufurahi. Usiingie. Sakafu na kuta za udongo ndimo papasi wanamojificha, hutoka usiku kunyonya damu, na huambukiza homa ya papasi. Mapango yenye popo nayo yaache. Pango la Kitum, Mlima Elgon, lilihusishwa na wagonjwa wa virusi hatari vya Marburg mwaka 1980 na 1987.

*Umefanikiwa ikiwa:* umelala chali dakika mbili bila kuteleza upande, huoni tawi kavu juu yako, na upepo haukugusi uso.

## Hatua ya 2: Kitanda

Hapa ndipo usiku unaposhindwa au kufaulu, kwa hiyo kipe saa nzima na zaidi.

Kinachozuia joto lisitoroke ni hewa iliyonaswa ndani ya kitu. Blanketi ukilitandika chini, uzito wako huibana hewa yote ikatoka, likabaki kitambaa chembamba juu ya udongo baridi. Ardhi nayo haichoki kunyonya. Itavuta joto lako mpaka alfajiri. Unahitaji kitu chenye kudunda kisichobanika, na kingi kuliko unavyodhani.

Anza kukusanya majani kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kuanzia saa kumi na moja umande na ukungu huanza kushuka na majani yaliyokauka mchana hulowa. Wingu la mvua likionekana, badili mpangilio: paa kwanza, majani yakusanywe chini yake.

Majani mazuri ni haya: nyasi ndefu zilizokaukia zikiwa zimesimama, majani makavu ya migomba (muombe mwenye shamba), na sindano za misindano kwenye mashamba ya miti ya Mufindi na Njombe. Chukua tabaka la juu tu. La chini lina unyevu, tandu na nge. Geuza kila rundo kwa kijiti kabla ya kulishika, maana kifutu hujilaza kwenye majani akafanana nayo kabisa. Penye upupu usiguse hata kidogo: vinyweleo vyake vikiingia ndani ya kiroba utajikuna usiku kucha.

1. Safisha eneo la mita 2 kwa 1, ondoa mawe na vijiti, kisha tandika nailoni. Kazi yake ni kuzuia unyevu unaopanda, haizuii baridi.
2. Jaza viroba viwili hadi theluthi mbili, si zaidi. Kikijaa sana kinakuwa duara na utakibingirikia usiku. Funga mdomo, kikanyage kidogo kikae bapa.
3. Vilaze kichwa kwa mkia. Vinafunika kutoka mabegani hadi chini ya magoti. Chini ya miguu weka begi lililobaki tupu na majani ya ziada.
4. Laza magogo mawili, unene wa mkono wako wa juu, moja kila upande. Yanazuia kitanda kisitawanyike ukijigeuza.
5. Kiroba cha tatu ni cha miguu. Weka majani makavu ndani yake hadi robo. Usiku utaingiza miguu yako pamoja na ncha ya blanketi hadi magotini.

Unene kabla ya kulala uwe shibiri mbili, na ukishalala ubaki angalau nusu shibiri kati yako na ardhi. Lala ubavu dakika kumi nzima, bila blanketi. Bega na nyonga ndizo hugusa chini kwanza. Ukihisi ugumu au ubaridi hapo saa kumi alasiri, jua likiwa bado lipo, saa kumi usiku hutavumilia. Rudi ukaongeze. Karibu kila mtu hurudi mara mbili.

*Umefanikiwa ikiwa:* dakika kumi zimepita na ubavu wa chini una joto sawa na wa juu.

## Hatua ya 3: Paa

Funga kamba kati ya miti miwili iliyoachana mita 3 hivi, kimo cha kiuno. Izungushe kwenye mti mara mbili, kisha piga mafundo mawili juu ya kamba yenyewe. Likiwa juu zaidi ya kiuno, paa hupoteza joto na kukamata upepo.

Tandaza turubai juu ya kamba ili upande mpana ushuke hadi ardhini kwenye upepo, na upande mwingine ubaki kama kibaraza cha shibiri mbili au tatu kuelekea moto. Turubai lisilo na matundu ya pembeni halihitaji kutobolewa. Weka kijiwe laini kwenye kona, likunje juu yake, funga kamba shingoni mwa kile kijiwe. Halitachanika.

Mteremko wa paa uwe mkali, karibu nusu ya pembe mraba. Likilala sana, maji hukusanya tumbo katikati kisha yakakumwagikia. Upande wa juu wa mteremko wa ardhi chimba mfereji wa vidole vinne, upeleke maji pembeni.

*Umefanikiwa ikiwa:* umemwaga kikombe cha maji juu ya turubai na yote yameteremkia nyuma ya kitanda.

## Hatua ya 4: Kuni na moto

Kama moto umekatazwa, kama ilivyo sehemu nyingi za hifadhi, ruka hatua hii na uongeze sweta la pili. Kitanda kizuri kinatosha bila moto, na ndiyo maana kimetangulia. Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa kavu, shauri letu ni kutowasha hata kama umeruhusiwa. Moto wa Oktoba 2020 ulichukua siku nyingi kuzimwa Kilimanjaro.

Ukiwasha, fyeka duara la mita 3 hadi udongo uonekane. Moto ukae mita moja na nusu kutoka kwenye kitanda. Kama umetumia sindano za misindano, mita 2. Sindano hizo zina utomvu na hushika cheche moja, na kiroba huyeyuka kabla hujaamka.

Usiku una saa kumi na moja za giza na baridi. Kusanya kuni mpaka uone zinatosha, kisha kusanya mara mbili zaidi ya hizo. Rundo la kimo cha kiuno na urefu wa mita moja na nusu ndilo kipimo cha chini. Ziwe za aina tatu: unene wa njiti ya kiberiti, wa kidole, na wa kiwiko cha mkono. Miwati huwaka kwa joto kali na kuacha makaa mazuri. Mnyaa usiuguse: utomvu wake hudhuru macho, na moshi wake pia.

Weka gome kavu la mkaratusi lililochanwa nyuzi, juu yake njiti nyembamba zikiachiana nafasi, chini kabisa kipande kimoja cha tyubu. Tyubu huwaka dakika kadhaa hata ikiwa imelowa, muda wa kutosha kukausha njiti. Subiri moshi wake mweusi uishe kabla ya kuteleka chochote. Wengi huua moto kwa kuharakisha kuni nene. Ngoja njiti za kidole zishike zote ndipo uongeze.

Kamwe usiingize makaa au jiko la mkaa chini ya turubai lililozibwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

*Umefanikiwa ikiwa:* saa kumi na mbili jioni una makaa mekundu, na kuni zote ziko mahali unapozifikia ukiwa umekaa kitandani.

## Hatua ya 5: Maji, chakula na nguo

Maji ya kijito yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu dakika 1. Juu ya mita 2000, dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kwenye joto la chini.

Kula saa moja usiku, hasa karanga. Mafuta huungua polepole mwilini na kukupa joto hadi usiku wa manane. Acha kashata na nusu ya sukari kwa ajili ya saa tisa.

Vua kila ulichovaa mchana, hata kama unakiona kikavu. Kina jasho. Vaa nguo za kulalia, soksi zote mbili bila kubana, na mzura. Mwisho jaza chupa ya chuma maji ya moto, kaza kifuniko, ivike soksi, uiweke katikati ya mapaja ambako mishipa mikubwa ya damu hupita. Hakuna kitu kidogo kinachosaidia kama hiki. Asubuhi utakunywa maji yaleyale.

Pombe isiwepo. Inakufanya uhisi joto kwa kupeleka damu kwenye ngozi, na huko ndiko joto linakopotea.

## Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Nenda haja kabla ya kulala, na ukibanwa usiku amka uende. Kubana kunakunyima usingizi bure. Washa tochi kabla mguu haujagusa chini, kung'uta viatu, tazama unapokanyaga.

Usifunike uso kwa blanketi. Pumzi ina maji, na baada ya saa mbili blanketi litakuwa na unyevu kifuani. Vuta mzura hadi nyusi, acha pua nje.

Siafu wakifika, usipigane nao. Toka, jipanguse mbali na kitanda, sogea upande wa pili wa moto. Wakulima wengi humwaga majivu kuzunguka malazi mapema jioni, na ni kazi ya dakika tano.

Baridi kali huja saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri, kabla tu ya jua. Jiandae nayo: mnamo saa tisa amka, ongeza kuni mbili nene, pasha maji upya, kunywa kikombe chenye sukari, kula kashata, rudi ulale. Ukitetemeka, kaza misuli ya mapaja na tumbo ukiwa umelala, hesabu kumi, legeza, rudia mara ishirini. Usikimbie huku na huku ukatoka jasho.

Kutetemeka kwenyewe ni mwili unafanya kazi. Hatari ni mwenzako akianza kuongea kama mlevi, akishindwa kufunga kifungo, au akiacha kutetemeka bila kuwa amepata moto. Hapo jaribio limekwisha. Mvue vilivyolowa, mweke kwenye viroba vyote, lala naye mgongo kwa kifua ndani ya mablanketi yenu yote mawili, mpe maji matamu ya vuguvugu ikiwa anameza vizuri, na ita msaada. Usimsugue mikono wala miguu. Filimbi: mipulizo mitatu, pumzika dakika moja, rudia bila kukata tamaa.

*Umefanikiwa ikiwa:* umelala vipande vipande jumla ya saa nne au zaidi na vidole vinakunjuka alfajiri. Usingizi mzito wa kuchapa moja kwa moja usiutegemee usiku wa kwanza.

## Hatua ya 7: Asubuhi

Piga simu uliyoahidi kabla ya kunywa chai.

Mwagia moto maji, koroga majivu kwa kijiti hadi udongo wa chini, mwagia tena. Weka mgongo wa mkono juu yake, kisha ndani yake. Kukiwa na uvuguvugu wowote, rudia. Kufukia kwa udongo tu hakuzimi. Mizizi iliyo chini huendelea kuungua na moto hujitokeza siku ya pili.

Tawanya majani, rudisha magogo, fukia mfereji, beba kila kipande cha nailoni.

Halafu kagua vitu viwili papo hapo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Pima kimo cha viroba: vikiwa vimebanika chini ya nusu shibiri, mara nyingine jaza nyasi ngumu zaidi au ongeza kiroba cha nne. Pima kuni zilizobaki: ukiwa umemaliza zote kabla ya saa tisa, moto wako ulikuwa mkubwa kupita haja, au kitanda chako kilikuwa chembamba na ulikuwa ukiufidia. Usiku wa pili badilisha jambo moja tu kati ya hayo, mahali palepale na kwa vifaa vilevile, ili ujue kilichosaidia ni kipi.